Mume Wangu na Mwenzako wa Kitanda cha Chini

9 Februari

Kaka,

Nina mume. Naanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe, niandike "ni hayo tu kwa leo" na kufunga bahasha. Sijamwambia mtu mwingine yeyote. Nimempata Jumanne asubuhi kwenye foleni ya zahanati, na aliyenitafutia ni wewe.

Sasa shikamoo. Hapa nyumbani hatujambo. Goti la mama limepoa, ila amenuniana tena na jirani kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo. Matokeo yangu ya kidato cha sita bado, kwa hiyo bado niko kwa yule mama fundi wa sare za shule, nashona vifungo mpaka vidole vimekuwa kama chujio. Wifi yangu mtarajiwa alipita hapa Jumapili. Hakukusalimu, aliuliza. Aliuliza kwa nini umeisogeza tarehe ya harusi mara ya pili, na mimi nikamjibu kwamba barabara yenu haijaisha, kana kwamba unaijenga peke yako kwa kijiko. Alinitazama tu. Anafundisha chekechea, amezoea kudanganywa na watu wanaojua kudanganya kuliko mimi.

Nije kwenye barua yako. Uliandika kwamba una mwenzako hapo kambini, analala kitanda cha chini, na kila usiku anaamshwa na maumivu makali "sehemu za kiume", na tena alfajiri, na kwamba akiinuka akatembeatembea yanaondoka, mchana hana neno. Ukaniomba nimuulizie kwa sababu mimi niko mjini karibu na dawa. Kaka, mimi niko mjini karibu na vifungo. Lakini kwa kuwa ni wewe uliyeomba, nilikwenda.

Karani wa zahanati anauliza kwa sauti ya mtu anayeuza nyanya. Akasema, unaumwa nini? Nikasema siyo mimi. Nani basi? Nyuma yangu kulikuwa na mzee mwenye fimbo, akina mama wawili na mwalimu wangu wa hesabu. Nilitaka kusema ni rafiki wa kaka yangu, nikaona jinsi itakavyosikika: binti anaulizia sehemu za rafiki wa kaka yake. Midomo ikasema yenyewe, "Mume wangu." Karani akaandika. Mwalimu wa hesabu akakohoa.

Daktari ni mwanamke, mtu mzima, ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikamwambia mume wangu anaumwa kule. Akasema, "Kule ni kwingi. Hapa ndani tuna sikio, tuna goti, tuna uume. Chagua." Nikachagua, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Hakucheka. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaanza maswali, na mke mimi sikuwa na jibu hata moja. Je, uume ukisimama akiwa macho unauma pia, au ni usingizini tu? Umepinda, au una uvimbe au sehemu ngumu? Aliwahi kuumia hapo? Ana seli mundu? Anakoroma? Anatumia dawa gani, hata za barabarani? Maumivu yanakaa muda gani? Hapo alininyooshea kalamu akasema kwamba ikitokea umesimama ukakataa kulegea mpaka muda wa saa nne ukapita, asingoje kupambazuke, akimbizwe hospitali, kwa sababu hiyo ni dharura na inaweza kumharibu moja kwa moja.

Akaniuliza tumeoana lini. Nikasema juzijuzi. Akasema inaonekana.

Muulize mwenzako hayo yote, unijibu upesi. Nitarudi, nimeshajipaka tope, kuoga ni mara moja.

Mdogo wako

*

27 Februari

Mdogo wangu Kimya,

Marahaba. Dereva wa lori la lami ameniletea barua yako, nikaisoma nyuma ya tangi la maji nikicheka mpaka mpishi akaniuliza kama nimeokota kitu. Shemeji yangu hajambo? Mwambie nina hamu ya kumwona, maana mwanamume aliyefaulu kuoa mtu asiyeongea ana siri kubwa.

Sisi tupo. Mvua imekata njia upande wa darajani, tumekaa siku kadhaa tukicheza karata kwenye kontena tunalolala. Msimamizi amekonda kwa hasira. Mwambie mama buti alizonitumia zinanitosha.

Kuhusu yule mwenzangu. Anasema mchana akiwa macho hana maumivu kabisa, ni usingizini tu. Haujapinda, hauna uvimbe. Maumivu hayafiki hata nusu saa, akizunguka kontena kidogo yanaisha, lakini akirudi kulala yanamfuata tena, kwa hiyo usiku mzima ni kuinuka na kulala kama mtu anayefanya mazoezi. Watu hapa wamembandika jina la Mlinzi. Msimamizi naye, kwa kuwa anamkuta macho kila alfajiri, amempa kazi ya kulinda mapipa ya dizeli. Seli mundu hana, alipimwa akiwa mtoto. Kukoroma anakoroma, kila mtu hapa anakoroma. Kuumia hapo hajawahi, isipokuwa zamani sana alianguka na baiskeli kwenye mteremko, akiwa amempakia mdogo wake, akajigonga kwenye bomba la baiskeli. Lakini siku ya tatu alikuwa anacheza mpira.

Dawa, alinunua unga fulani wa mizizi kwa mtu wa njia panda, haukusaidia, akaacha. Sasa hivi hanywi maji kuanzia mchana. Na wazee wa kambi wamegundua chanzo. Yeye alikuwa anaendesha ile mashine ya kushindilia barabara, na ule mtetemo, wanasema, unaingia mwilini asubuhi mpaka jioni na usiku unatafuta pa kutokea. Kwa hiyo ameomba atolewe kwenye mashine. Sasa anabeba koleo la lami.

Wifi yako mwambie barabara bado.

Kaka yako

*

20 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mama hajambo, ila haongei nami. Anaweka sahani yangu mezani, anaifunika, anaondoka. Sababu nitaieleza, lakini kwanza nikuulize kitu kuhusu mwenzako.

Huyo mdogo wake aliyempakia kwenye baiskeli, je, siku hiyo alivunjika kipande cha jino la mbele? Kwa sababu mimi lilivunjika. Na je, kabla ya kufika nyumbani alimpa huyo mdogo wake mpira wake wa ngozi ili aseme jino lilivunjika kwenye ngazi? Kwa sababu mimi nilipewa. Sikuulizi jina la mwenzako. Nakuuliza tu kama anajua kwamba nimechoka.

Nilirudi zahanati na majibu yako. Daktari alinikalisha, akafunga mlango, akaniuliza kama mume wangu anaona aibu. Nikasema anaona aibu mpaka amejitungia mtu mwingine. Akasema wengi wako hivyo. Nakuandikia maneno yake jinsi nilivyoyakumbuka njiani, na naandika nikiwa nimegeukia ukuta ingawa chumbani niko peke yangu.

"Mwambie hivi," alisema. "Uume wa mwanamume mzima husimama usingizini mara kadhaa kila usiku, hasa wakati wa ndoto, hata kama anaota anafukuzwa na ng'ombe. Asubuhi anaikuta ile ya mwisho. Siyo tamaa, siyo mkojo uliojaa, na siyo mashine ya barabara. Mwili unajifanyia kazi zake bila kumwomba ruhusa, kama moyo unavyodunda. Hiyo ni dalili ya uzima. Kisicho cha kawaida ni maumivu."

Kisha akasema kuna wanaume wachache ambao wanapata maumivu usingizini tu na mchana wako salama. Madaktari wanaijua hali hiyo, ingawa chanzo chake hawajakipata vizuri. Kwa wengine ni misuli ya chini ya nyonga inayokaza bila kulegea, kwa wengine inaambatana na kukoroma na pumzi kukatika usingizini, na wengine ni dawa wanazotumia. Haiui na haimzuii mtu kuoa wala kupata watoto. Ila inaiba usingizi mpaka mtu anakuwa mkali, mwoga, anajifungia. Akaongeza kwamba yote haya anayasema kwa kubahatisha, kwa sababu mgonjwa hajamwona, amemwona mke. Lazima mtu apimwe, ili kovu, ngozi iliyobana na magonjwa ya damu yaondolewe kwenye orodha. Na maji anywe, kiu haijawahi kutibu kitu. Ameniandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa, ile iliyo nusu ya njia ya kuja huko kwenu, kwa daktari wa kiume wa magonjwa hayo. Ninayo chini ya godoro.

Sasa habari ya mama. Karani wa zahanati alikuja kwa fundi kuchukua sketi ya mwanawe. Akaniona, akasema mbele ya watu wote, "Wewe, mumeo ameanza kulala vizuri?" Mama fundi akadondosha chaki. Kufika jioni mama alikuwa ameshapata habari, tena zimeongezwa chumvi. Alinikalisha sebuleni akaniuliza, "Umri huo wa miaka kumi na tisa, matokeo hayajatoka, mume umemtoa wapi, na anaitwa nani?" Nilikuwa na sentensi moja tu ya kujiokoa. Sentensi hiyo ina jina lako ndani. Nikanyamaza. Mmenizoea kwa kunyamaza, kwa hiyo imechukuliwa kuwa nimekiri.

Tangu hapo mama fundi ananipima kwa macho kuanzia kiunoni, na wateja wananiita bibi harusi.

Wifi naye amesema neno lake. Amesema mwezi wa tano ukiisha bila tarehe, atakuja kwa mama, ataomba radhi kwa kusumbua, na itakuwa basi. Hakulia aliposema. Afadhali angelia.

Mwenzako aje. Sitaki jibu lenye kicheko.

Mdogo wako

*

18 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mama hajambo. Goti halijambo. Jirani hajambo. Kamba ya nguo haijambo. Mume wangu ndiye sijui.

Dereva wa lori la lami nimemsubiri kituo cha mafuta tangu asubuhi nikiwa na kopo la vifungo mkononi, nikashona pale pale juu ya pipa. Nilimuuliza kama ulipata barua yangu. Akasema alikukabidhi mkononi, ukaitia mfuko wa shati bila kuifungua, na alipopita tena safari iliyofuata ilikuwa bado mfukoni, imeloa jasho. Nikamuuliza habari za Mlinzi. Hakujua kwamba namjua. Akasema, "Yule? Yule alisinzia amesimama, koleo likamgeukia, lami ya moto ikamwagikia buti. Bahati buti zilikuwa mpya."

Zile buti tulizinunua mimi na mama. Mimi ndiye niliyechagua saizi.

Fungua barua iliyo mfukoni.

*

2 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mguu hauna kitu, buti ndiyo iliyoungua. Mvua zimekwisha. Mpishi ameoa.

Nimefungua. Nilichelewa kwa sababu nilijua utakuwa umeshanijua. Baiskeli ile niliitaja mwenyewe, sijui kwa nini, labda nilitaka unikamate bila mimi kusema. Jino lako nalikumbuka kila ukicheka, ndiyo maana napenda usicheke sana.

Kitanda cha chini ni changu.

Miezi minane sasa. Nilikuwa nalala na hofu kama mtu anayengoja kupigwa. Hapa ukisema unaumwa tumbo unapewa pole, ukisema hili unapewa jina la utani mpaka uzeeni. Nikaanza kuwaza kwamba nimeharibika. Nikawaza, nitamwoaje mtoto wa watu, nimlaze pembeni ya mtu anayeruka kitandani usiku akizunguka chumba kama mwizi, naye adhani namkimbia? Na kama nimeharibika kweli, anijue siku ya harusi? Nikaona nisogeze tarehe. Halafu nikasogeza tena. Siyo kwamba simtaki. Ungekuwa unajua ninavyomtaka usingeniandikia ile habari ya kwamba hakulia.

Ulipoandika maneno ya yule daktari kuhusu ng'ombe, niliyasoma nimesimama kati ya mapipa ya dizeli. Nikayarudia. Mwanamume mzima nimefika umri huu sikujua kwamba ni kila mtu, kila usiku. Hakuna aliyewahi kuniambia. Baba naye alifariki kabla hajafika huko.

Nimeomba ruhusa. Nakuja na lori la wiki ijayo. Mama nitamwambia mimi mwenyewe, wewe usitie neno. Umeshanyamaza kiasi cha kutosha kwa watu wawili.

Kaka yako

*

4 Juni

Mdogo wangu Kimya,

Salamu nyingi kutoka kambini. Nimefika salama kutoka nyumbani, ingawa lori lilipasuka tairi mara mbili na dereva alinilaumu mimi kwa uzito wa mifuko ya mama.

Samahani kwa kuondoka alfajiri bila kukuamsha. Niliona umelala mdomo wazi na kifungo kimeganda shavuni, nikaacha.

Hospitali nilishuka kama ulivyoniagiza, na karatasi yako nikaitoa. Daktari ni mzee, mikono mizito kama ya seremala, ameuliza maswali yale yale ya daktari wako, mengine kwa maneno yale yale, nikajibu kama mwanafunzi aliyevujishiwa mtihani. Akanipima. Akapima damu. Baiskeli ile haikuacha kitu, ameniambia nikuambie usijilaumu kwa kupakiwa. Amesema ni kama daktari wako alivyodhani. Amenipa kidonge cha kunywa kabla ya kulala, ili kulegeza misuli, nami nisipandishe dozi wala kukikatisha ghafla bila kumwuliza, na amenifundisha namna ya kupumua na kulegeza nyonga, mazoezi ambayo nayafanya nimejifunika shuka ili wasinione. Kuhusu kukoroma, anataka nirudi apime kama pumzi inakatika. Niliwauliza wenzangu. Wamesema huwa nakoroma, nanyamaza kabisa, wanaanza kugawana vitu vyangu, halafu naanza tena.

Sikudanganyi, maumivu hayajaisha yote. Yapo usiku mwingine. Lakini sasa ninapoamka sina hofu, nalala tena, na juzi nililala moja kwa moja mpaka mpishi akagonga sufuria. Wamebadilisha mlinzi wa dizeli. Nimerudi kwenye mashine yangu.

Wifi yako nilimfuata shuleni kwake. Tulikaa kwenye vile viti vya watoto, magoti yamefika mabegani, nikamwambia lote nikitazama picha za wanyama ukutani. Nilipomaliza akasema, "Kumbe. Mimi nilidhani umepata mwingine." Kisha akasema, "Basi ukiinuka usiku uniamshe, tuzunguke wote." Tarehe ni ya mwezi wa saba, na safari hii ameiandika yeye.

Ila kuna jambo linanikereketa. Mama nimemsafishia moyo, lakini pale zahanati na kwa yule fundi jina lako bado lina mume. Nikija harusini nataka nipite pale dirishani nimwambie karani ukweli wote.

Kaka yako

*

23 Juni

Kaka,

Shikamoo. Hatujambo sote, na safari hii ninamaanisha. Mama hajaniomba radhi, unamjua, lakini ameanza tena kuniita jina langu, na jana aliniachia kile kiti chenye mto. Sijui ulimwambia nini usiku ule jikoni. Aliniuliza tu, akikatakata vitunguu, kwa nini nilikubali kuonekana mtu mbaya. Nikasema sikupata nafasi ya kuongea. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga, akasingizia vitunguu. Gauni la wifi linashonwa hapa hapa kwetu, na vifungo vya mgongoni nashona mimi, vidogo kama mbegu, kila kimoja kinanitoa roho.

Sasa nisikilize. Jambo la karani usiliguse.

Nilikwenda zahanati Jumatatu kumshukuru yule daktari, maana nisingelala. Sikufika hata mlangoni kwake. Karani alinidaka dirishani, foleni yote ikasikia. "Mumeo je?" Nilikuwa nimechoka kudanganya, kaka. Nimechoka kabisa. Nikaamua niseme kweli tupu, neno kwa neno, yatakayotokea yatokee.

Nikasema, "Amepata nafuu. Anaoa mwezi ujao."

Mzee mwenye fimbo akavua kofia. Karani, yule yule wa sauti ya nyanya, akatoka nje ya chumba chake, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa mgonjwa yeyote, akanishika mabega akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, kwamba ndivyo walivyo, unawauguza wakipona wanaondoka. Mama mmoja akanipisha mwanzo wa foleni. Daktari alipotoka akaambiwa, akavua miwani yake ya uzi, akanitazama kwa muda mrefu, na nadhani yeye peke yake alielewa, kwa sababu mdomo wake ulikuwa unatetemeka, na haikuwa kwa huzuni. Akasema, "Mpe salamu bwana harusi. Mwambie anywe maji."

Mama fundi naye kapata habari. Ameacha kunipima kiuno, na ameniondoa kwenye vifungo, kuanzia Jumatatu ijayo ananifundisha kukata. Anasema binti aliyepitia makubwa kama yangu hawezi kukaa anashona vifungo tu.

Kwa hiyo nakuomba. Usipite dirishani. Usimwambie karani, wala fundi, wala wifi, wala yule dereva wa lori anayefungua mdomo kabla ya mlango. Tangu nizaliwe sijawahi kupishwa kwenye foleni. Wewe lako nimelitunza tangu Februari, na hili langu litunze, liwe letu wawili.

Mdogo wako